Ofisi Isiyo na Mlango: Vitabu vya Chama Chetu Tangu Enzi za Pantoni ya Kigongo



Mhariri wa jarida letu aliponiomba niandike jambo la historia, nadhani alitazamia habari za mpira, za ugali wa bwenini na za fimbo za walimu. Habari hizo zimekwisha kuandikwa humu mara nyingi, tena na watu wanaozijua kunipita. Mimi nimekuwa katibu wa chama hiki kwa vipindi vingi kuliko nilivyoomba, na historia niijuayo kwa undani ni ya vitabu vya chama: aliyeviandika, chombo alichoandikia, na hasa ni nani aliyeweza kuvisoma. Hilo la mwisho ndilo lililotaka kutuvunja zamani, nalo ndilo linalotungoja tena katika mkutano wa mwaka huu. Kwa hiyo naomba mnivumilie.

Wale waliohamia mbali huenda wamesahau jinsi nchi yetu ilivyokatwa na maji. Ghuba ya Mwanza inaingia kusini kama kidole kirefu cha Ziwa Viktoria. Upande wa mashariki ni Kigongo, katika Wilaya ya Misungwi. Upande wa magharibi ni Busisi, katika Wilaya ya Sengerema. Mtu aliyetoka Mwanza kwenda Sengerema au Geita alifika Kigongo, akapanga foleni, akangoja pantoni. Chama chetu kilipoanzishwa mwaka 1986 kilikuwa na wanachama pande zote mbili za maji. Ofisi hatukuwa nayo. Ofisi ilikuwa kaunta buku moja, kitabu cha stakabadhi, muhuri wa mpira, na sanduku la bati lililokaa nyumbani kwa mweka hazina, ambaye kwa bahati yake mbaya alikaa Mwanza.

Nasema kwa bahati yake mbaya kwa sababu alikuwa mtu mwaminifu kabisa, na uaminifu wake haukumsaidia kitu. Wenzetu wa Sengerema walitoa ada zao, fedha zikavuka maji, zikaingia katika kitabu wasichokiona. Kila baada ya miezi mitatu kitabu nacho kilivuka, ndani ya mfuko wa nailoni, ili wakaguzi wao wakisome na kutia sahihi. Kikikosa pantoni ya asubuhi, mkutano ulianza bila kitabu. Nakumbuka mkutano mmoja uliokaa mchana kutwa pale Sengerema ukijadili hesabu ambazo hazikuwapo mezani. Hesabu zilikuwa Kigongo, kwenye foleni.

Mwaka 1998 mwenzetu mmoja wa ng'ambo ile alifiwa na mkewe. Katiba yetu yasema aliyelipa ada hupewa rambirambi kabla ya mazishi. Yeye alikuwa amelipa, lakini stakabadhi ilikuwa Mwanza, kitabu kilikuwa Mwanza, na mwenye kitabu alikuwa safarini. Rambirambi zilimfikia baada ya matanga kwisha. Hakuna aliyekula senti, wala hakuna aliyefanya hila. Hata hivyo tangu siku hiyo watu wa Sengerema walisema waziwazi kwamba wataanzisha chama chao wenyewe, na mimi sikuwa na jibu la kuwapa.

Jambo hili si geni Usukumani. Wazee wetu, katika zama za ukoloni, walipeleka pamba yao kwa wanunuzi, na mnunuzi ndiye aliyesoma mizani. Manung'uniko juu ya mizani hiyo yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyozaa vyama vya wakulima mwanzoni mwa miaka ya hamsini, chini ya akina Paul Bomani, hata mwaka 1955 ukaundwa muungano ulioitwa Victoria Federation of Co-operative Unions, ambao ulikuja kuhesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika katika Afrika. Kabla ya kudai viwanda vya kuchambulia pamba, walidai jambo dogo sana: mtu wao wenyewe asimame karibu na mizani, aone mshale, aandike. Pengine kilo zilikuwa zilezile. Lakini mkulima aliyejua kwamba mwenzake ameuona mshale alirudi nyumbani na moyo mwingine. Nimeyataja haya kwa sababu kila nikiwaza juu ya vyombo vya ofisi vya leo, mizani ile ndiyo inayonijia kwanza.

Sasa nirudi kwenye vyombo. Vijana waliomaliza juzi hawajapata kuona stensili, basi niwaeleze. Uliondoa utepe wa mashine ya chapa, ukaingiza karatasi yenye nta, na herufi zikaitoboa nta hiyo. Ukikosea, ulipaka dawa nyekundu kama rangi ya kucha, ukangoja ikauke, ukapiga tena juu yake. Kisha stensili ilivikwa kwenye ngoma ya mashine ya kudurufu, ukazungusha mkono, na nakala zikatoka moja moja huku wino ukikupaka hadi viwikoni. Taarifa ya mkutano ya kurasa mbili ilikula siku nzima. Faida yake ni kwamba kila mtu alipata nakala ileile. Hasara yake ni kwamba nakala ilikwisha kuzeeka kabla haijafika Busisi.

Kompyuta hatukuziona, ingawa nchi ilikuwa nazo mapema kuliko wengi wanavyodhani. Ya kwanza iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, mashine ya Kiingereza iitwayo ICT 1500. Mwaka 1974, nami niko Kidato cha Kwanza, Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali maalumu, baada ya kazi ya kuweka hesabu za Serikali katika mashine hizo kwenda kombo. Wengi huicheka marufuku hiyo leo. Mimi sicheki. Fedha za kigeni zilikuwa haba, na hesabu zilizotoka mashineni zilikuwa haziaminiki. Mtu akikuletea mizani usiyoweza kuikagua, una haki ya kuikataa. Kosa, kwa maoni yangu, lilikuwa kukaa na katazo hilo kwa miaka mingi mno, hata kompyuta zilipokuwa zimepungua bei na kuingia mezani pa kila karani wa nchi za wenzetu.

Vitu vya bure vilianza na barua. Mwezi Julai 1996 Sabeer Bhatia na Jack Smith walianzisha Hotmail huko Marekani, mahali ambapo mtu yeyote aliweza kupata sanduku la barua bila kulipa, akalifungua kwa kompyuta yoyote duniani. Habari hiyo ilitufikia Mwanza baadaye kidogo, kupitia intaneti kafe za mjini. Nasema barua za bure, lakini saa ya kukaa mbele ya mashine ililipiwa, na umeme ukikatika katikati ya sentensi saa yako ilihesabiwa vilevile. Mwaka 2004 Google nao wakaleta Gmail tarehe 1 Aprili, wakitangaza nafasi ya gigabaiti 1, watu wakadhani ni mzaha wa siku hiyo.

Mwaka huohuo wa 2004, mwezi Desemba, kilitokea kitu ambacho naona hakijapewa heshima yake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi ulioitwa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, yaani programu kamili ya kazi za ofisi, ya bure, kwa Kiswahili. Amri za kufungua faili, kuhifadhi na kuchapa zilikuwa kwa lugha anayoisema mweka hazina wa chama cha wavuvi. Tulizoea kuambiwa kwamba ofisi ni Kiingereza. Hapa walimu wetu wenyewe walikaa, wakatafuta maneno, wakamaliza kazi. Kama hamkupata kuiona, waulizeni waliosoma Mlimani miaka ile.

Lakini programu hiyo ilikaa ndani ya kompyuta ya mtu mmoja, na hapo ndipo tulipopata shida mpya. Kufikia mwaka 2009 hesabu za chama zilikuwa zimeandikwa vizuri, zikatumwa kwa barua pepe kwa wajumbe wa kamati, na kila mjumbe akasahihisha nakala yake. Mmoja aliandika jina la faili "hesabu mpya", mwingine "hesabu mpya kabisa", wa tatu "hesabu ya mwisho". Tulikuwa tumetoka kwenye kitabu kimoja kisichoonekana, tukafika kwenye vitabu saba vinavyopingana. Watu wa Sengerema walikuwa na chao, sisi tuna chetu, na vyote viwili vilikuwa vimepigwa chapa kwa unadhifu.

Dawa yake ilikuwa imekwisha kubuniwa, tena zamani. Tarehe 9 Desemba 1968 Mmarekani aitwaye Douglas Engelbart alisimama mbele ya wataalamu mjini San Francisco akaonyesha maandishi kwenye kioo, huku mwenzake aliyekuwa kwenye maabara ya Menlo Park, mbali na hapo, akiyaona na kuyagusa maandishi yaleyale wakati uleule. Wazo hilo lilingoja miaka karibu arobaini kabla ya kumfikia mtu wa kawaida. Mwaka 2005 Sam Schillace na wenzake wawili, Steve Newman na Claudia Carpenter, walitoa Writely, mahali pa kuandikia ndani ya intaneti bila kuweka programu yoyote katika kompyuta yako. Mwaka huohuo kampuni ya Kihindi ya Zoho nayo ilitoa chombo chake cha namna hiyo. Google waliinunua Writely Machi 2006, wakatoa lahajedwali lao mwezi Juni, na ilipofika Oktoba wakaviunganisha vyote viwili na kuvitoa bure. Microsoft, ambao programu zao za ofisi zilikuwa zikiuzwa ghali, walifuata kwa vyombo vya bure vya intaneti mwaka 2010.

Inafanyaje kazi? Waraka haukai kwako. Unakaa katika mashine kubwa za mbali, na kila mmoja wenu anauona kama watu wanaotazama ua mmoja kupitia madirisha mbalimbali. Ukiandika herufi, herufi hiyo hupelekwa kwenye waraka, kisha huonekana kwa wengine kwa muda wa kupepesa jicho. Na jambo ambalo kwa chama kama chetu ni kubwa kuliko yote: kila badiliko huwekewa kumbukumbu, aliyelifanya na saa aliyolifanya. Ukifuta deni lako usiku wa manane, asubuhi itajulikana ni nani na saa ngapi.

Vyombo hivyo visingetufaa kitu kama si nyaya za baharini. Kabla ya hapo intaneti yetu ilipitia setilaiti, nayo ilikuwa ghali na goigoi. Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulianza kazi Dar es Salaam, mwaka 2010 ukafuata wa EASSy, na Mkongo wa Taifa ukazipeleka nyuzi hizo mikoani. Kisha zikaja simu janja za bei nafuu. M-Pesa ilikuwa imekwisha kuanza tangu 2008, hata ada haikuhitaji tena kupanda pantoni.

Mwaka 2013 mwenzetu mmoja, mwalimu wa Sengerema, mdogo wetu aliyemaliza katika miaka ya tisini, alinionyesha lahajedwali la chama alilolifungua usiku uliopita. Alikuwa ameingiza majina yote, ada zote, na stakabadhi moja moja. Akaniambia, "Mzee Katibu, kitabu hiki hakivuki tena. Kimekaa katikati ya maji."

Jioni ile wajumbe wa Mwanza na wa Sengerema walikifungua kwa wakati mmoja. Hakuna aliyetoa hotuba. Mmoja wa Geita alipiga simu kuuliza kama kweli namba anayoiona yeye ndiyo ninayoiona mimi. Tukasomeana kwa sauti, mstari kwa mstari, kama watoto wa darasa la kwanza. Baada ya hapo neno la kuanzisha chama kingine halikusikika tena katika kikao chochote nilichohudhuria, na waliokuwa wakilisema kwa sauti kubwa kuliko wote ndio waliokuwa wa kwanza kulipa ada za mwaka uliofuata.

Si wote waliofurahi. Mzee mmoja wa darasa la mbele yetu aliona jina lake katika safu ya madeni, akanipigia simu: "Mdogo wangu, umenivua nguo barazani." Kamati ilikaa, ikaamua madeni yaonwe na kamati na mwenye deni tu, na namba za simu zisiwe wazi kwa kila mtu. Wengine walisema tunaficha mambo tena. Mimi naona kamati iliamua sawa. Fedha za chama ni za wote, lakini namba ya simu ya mtu na habari za msiba wake si mali ya chama. Siku hizi jambo hilo lina sheria yake: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023.

Niwaambie pia kwamba si kila cha bure kilitufaa. Kuna aina ya mikutano ya intaneti ambayo haina malipo ila hukatika yenyewe baada ya dakika 40. Mwenyekiti wetu wa zamani, mnayemjua nyote kwa ufasaha wake, alikatwa akiwa bado kwenye salamu.

Sasa nifike kwenye jambo linalotungoja. Bure hii analipa nani? Google hupata sehemu kubwa ya mapato yao kwa matangazo, na makampuni makubwa hulipia vyombo hivihivi yanapotaka nafasi zaidi na ulinzi zaidi. Sisi tunaotumia bila kulipa ni wageni tuliokaribishwa ukumbini. Tunakula vizuri, lakini si sisi tunaopanga saa za kufunga mlango. Mwaka 2012 mgeni alipewa nafasi ya gigabaiti 5, mwaka 2013 ikawa 15. Tangu tarehe 1 Juni 2021 nyaraka mpya zilianza kuhesabiwa ndani ya nafasi hiyo, jambo ambalo halikuwapo awali. Na mwezi Mei 2023 walitangaza kwamba akaunti isiyoguswa kwa miaka miwili inaweza kufutwa pamoja na vilivyomo, kuanzia Desemba mwaka huo. Masharti hayo hayakufichwa, nami siwalaumu. Mwenye nyumba ana haki ya kutangaza sharti lake. Ila sharti hilo la mwisho lilinikuta na nywele zikanisimama.

Sababu ni kwamba mdogo wetu yule mwalimu alifariki mwaka 2022, Mungu amrehemu. Kitabu cha chama, pamoja na kumbukumbu zote za miaka tisa, kilikuwa kwa jina lake. Sisi wengine tulikuwa tumekaribishwa tu kukisoma na kukiandika. Maji tuliyokuwa tumeyavuka kwa shangwe yalikuwa yameturudia: kitabu cha wote kilikuwa tena katika sanduku la mtu mmoja, na sanduku hili halikuwa hata la bati. Aliyetuokoa ni shemeji yetu, mjane wake. Baada ya arobaini alinikabidhi daftari dogo la shule ambamo marehemu aliandika kila kitu, pamoja na neno la siri, akasema alijua tutalitafuta. Tukahamisha nyaraka siku ileile, yeye akiwa ameketi nasi.

Kwa sasa akaunti ya chama ina wasimamizi watatu, mmoja wa Mwanza, mmoja wa Sengerema na mmoja wa Dar es Salaam, na kila robo mwaka tunachapa nakala nzima katika duka la steshenari na kuifunga kwa uzi. Wengine waliona huo ni uzee wangu. Tarehe 12 Mei 2024, siku ya Jumapili, mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini, na kwa siku kadhaa intaneti ya Afrika Mashariki ikawa taabu tupu. Juma lile tulikuwa na msiba Misungwi. Orodha ya ada ilisomwa kwenye karatasi, rambirambi zikatoka kabla ya mazishi.

Kuna wenzetu wamewasilisha hoja kwamba, kwa kuwa daraja la Kigongo–Busisi, Daraja la J. P. Magufuli, lilifunguliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 19 Juni 2025, basi turudi kwenye kaunta buku moja, kwani sasa hubebwa kwa gari na kufika ng'ambo kwa dakika chache. Kilomita zipatazo 3 za zege, zaidi ya shilingi bilioni 700, na foleni ya pantoni imekuwa hadithi. Naielewa hoja yao, na nimeifurahia kuliko hoja nyingi. Lakini wanachama wetu wa leo wako pia Arusha, Nairobi, Muscat na Toronto, na huko hakuna daraja.

Hoja yangu mimi ni kwamba mkutano uamue mambo matatu: jina la akaunti liwe la chama kwa maandishi ndani ya katiba, wasimamizi wabadilishwe kila uchaguzi pamoja na maneno yao ya siri, na nakala ya karatasi iendelee, ikae pande zote mbili za daraja. Anayepinga aje na sababu zake.

Nitakuja na kaunta buku ya mwaka 1986 kwa watakaopenda kuiona. Ukurasa wa rambirambi za mwaka 1998 una sahihi mbili za wino, moja iliyotiwa Mwanza na moja iliyotiwa Sengerema, na tarehe zake zimepishana kwa siku tisa.